Kura ya Texas mimi huisoma kuanzia chini

Tangu mwaka huu wa 2026 uanze, meseji zinazoingia kwenye simu yangu ni za aina moja. "Dada, Crockett au Talarico?" Shemeji yangu, Mkenya wa Nakuru asiyelala bila siasa, yeye hunitumia video za Cornyn na Paxton wakichambana. Kiti cha Seneti ya Marekani kimeshawapandisha watu wa Houston mori kabla hata mabango hayajajaa njia panda. Nawaelewa. Upande wa Democratic, Jasmine Crockett alirudisha fomu siku ya mwisho, tarehe 8 Desemba, siku hiyohiyo mgombea mwenzake Colin Allred alipojitoa. James Talarico amesomea uchungaji na anaongea kama yuko mimbarini. Upande wa Republican, John Cornyn, aliyeingia Seneti mwaka 2002, anasakamwa na Ken Paxton, Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na Wesley Hunt wa hapahapa Houston. Kuna utamu hapo, sikatai.

Ila hicho ni kiti kimoja. Tarehe 3 Novemba Texas inachagua gavana, naibu gavana, mwanasheria mkuu, mdhibiti wa hesabu, kamishna wa ardhi, kamishna wa kilimo, mjumbe mmoja wa Tume ya Reli, wajumbe wa Bodi ya Elimu, wabunge wote 150 wa jimbo na sehemu ya maseneta wake 31, majaji wa mahakama za juu, kisha kwa sisi wa kaunti ya Harris kunafuata jaji wa kaunti, makarani, makamishna na msururu wa mahakimu ambao ukianza kuusoma asubuhi chai inapoa. Mkenya aliyezoea karatasi sita za rangi sita anaweza kujikaza. Mtanzania aliyezoea rais, mbunge na diwani anashika kichwa.

Zamani kulikuwa na njia ya mkato. Ulibonyeza jina la chama mara moja tu, mashine ikakujazia wote mpaka mwisho. Sheria ikaiondoa njia hiyo, na tangu uchaguzi wa 2020 kila mtu unambonyeza mmoja mmoja. Matokeo yake wengi wanachagua wakubwa wa juu, wanachoka katikati, wanabonyeza kumaliza na kuondoka. Walioko chini wanabaki kuchaguliwa na wenye subira.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili, naishi kusini-magharibi mwa Houston, na wateja wangu wengi ni Wakongo wa Kivu waliokuja kama wakimbizi. Mwaka jana nilimsindikiza mama mmoja wa Uvira kwenye kesi ya kutolewa nyumba. Kesi hizo haziendi kwa majaji wakubwa, zinaanzia kwa hakimu wa ngazi ya chini kabisa ambaye hapa watu humwita JP, yaani Justice of the Peace. Kwa kipimo cha kwetu ni hakimu wa mahakama ya mwanzo. Anasikiliza kesi za wapangaji, madai yasiyozidi dola 20,000, faini za barabarani, na ukitaka anakufungisha ndoa. Halafu sheria ya Texas haimlazimishi kuwa mwanasheria. Harris ina maeneo manane ya namna hiyo, kila eneo mahakimu wawili, na wote wanapigiwa kura.

Tulikaa kwenye benchi na familia nyingine, karani akiita majina. Kesi moja inachukua muda wa kunywa glasi ya maji. Mpangaji hajafika: amri imetoka. Mpangaji kafika, unadaiwa? Nadaiwa. Amri imetoka. Zamu yetu ilipofika hakimu hakuanza na mama. Alimgeukia wakala wa mwenye nyumba akamwambia, nionyeshe notisi ya kuhama uliyompa. Yule kijana akaanza kupekua faili. Akapekua mbele, akapekua nyuma, akatoa karatasi ya leja, akairudisha, akatoa mkataba. Hakimu akamwangalia tu, kalamu mkononi. Mwishowe kijana akasema notisi itakuwa ilibaki ofisini. Hakimu akaifuta kesi papo hapo, akamwambia akaanze upya akiwa na karatasi zake. Mama alipata wiki kadhaa za kutafuta pesa, na alizipata.

Muda mfupi baadaye nikaenda na familia nyingine mbele ya hakimu mwingine. Maswali hayohayo, hali ileile ya mpangaji, ila huyu wa pili hakuomba kuona notisi. Aliuliza kama kodi inadaiwa, akasikia ndiyo, akaandika, akawaambia wana siku tano za kukata rufaa. Tangu Januari mosi mwaka huu kuna sheria mpya, SB 38, inayozidi kuzikimbiza kesi hizi, kwa hiyo swali moja la hakimu lina uzito kuliko jana.

Tukiwa njiani kurudi yule mama wa Uvira aliniuliza, "Dada, ule juge ni nani alimuweka?" Nikamwambia watu, kwa kura. Akacheka kwa nguvu, akidhani namtania. "Kwetu juge anatokaka Kinshasa."

Hata mimi nilipofika nchi hii lilinishangaza. Kenya jaji anahojiwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, Tanzania anateuliwa na Rais, na hukuti jaji akibandika picha yake kwenye uzio. Texas jaji anagombea, tena kwa tiketi ya chama. Mahakama mbili za juu kabisa, moja ya madai na moja ya jinai, zina majaji tisa kila moja, na wote wanapita kwenye karatasi ya kura kwa zamu kila baada ya miaka sita. Mwaka huu yumo Jimmy Blacklock, jaji mkuu wa ile ya madai. Anayedhani viti hivi havina moto akumbuke 2024. Mahakama ya jinai ilikuwa imeamua kwamba Mwanasheria Mkuu hana mamlaka ya kushtaki kesi za uchaguzi peke yake bila waendesha mashtaka wa kaunti. Paxton hakusahau. Alipiga kampeni dhidi ya majaji watatu wa chama chake mwenyewe, Sharon Keller, Barbara Hervey na Michelle Slaughter, na wote watatu wakaangushwa kwenye mchujo wa ndani ya chama mwezi Machi. Keller alikuwa ndiye kiongozi wa mahakama hiyo. Hukumu moja, vichwa vitatu. Kwangu mimi huo si utaratibu wa kumpa mtu rungu la sheria, lakini ndio uliopo, na kuususia ni kuwaachia wengine waendelee nao.

Jaji wa kaunti ni jambo lingine kabisa. Jina linadanganya: yeye ni mkuu wa kaunti, anayekaa kwenye meza ya makamishna wanne na kupanga bajeti, na ndiye anayetangaza hali ya hatari mafuriko yakija. Sisi tulioona maji ya kimbunga Harvey mwaka 2017 tunamjua kwa sura. Gari langu la kwanza Marekani lilizama karibu na Brays Bayou, mmoja wa mito midogo ya jiji, nikalipata siku maji yalipopungua likiwa na samaki mdogo kwenye mkeka wa dereva. Mwaka uliofuata wapiga kura wa Harris waliidhinisha mkopo wa dola bilioni 2.5 kwa ajili ya kuzuia mafuriko, na pesa hizo zinakwenda bayou gani na lini ni suala la meza hiyo. Lina Hidalgo, aliyeshika kiti hicho tangu alipochaguliwa 2018, hagombei tena. Kwa Democratic wamejitokeza akina Annise Parker, aliyekuwa meya wa Houston, na Letitia Plummer aliyekuwa kwenye baraza la jiji. Warepublican nao wana mchujo wao wenye watu kadhaa. Mkikutana na yeyote kati yao msikitini au kanisani, msiulize habari za Trump. Ulizeni mtaro wa mtaa wenu uko namba ngapi kwenye orodha.

Mama yangu aliyeko Tanga huniuliza mkuu wa mkoa wetu ni nani. Humwambia kuwa hapa mkuu wa mkoa anachaguliwa, anaitwa gavana, na huyu wa sasa, Greg Abbott, anataka muhula wa nne kwa kuwa Texas haina ukomo wa mihula. Mama hujibu, "Basi hata huko." Upande wa Democratic jina linalotajwa zaidi ni Gina Hinojosa, mbunge wa Austin. Nikimweleza kwamba naibu gavana hagombei pamoja na gavana bali peke yake, anadhani nimechanganya. Sijachanganya. Dan Patrick ana kura zake mwenyewe, na ndiye anayeongoza Seneti ya jimbo na kuamua muswada upi ufike mezani. Paxton alipofunguliwa mashtaka ya kumng'oa madarakani na Bunge la jimbo Mei 2023, kesi ilisikilizwa Seneti, aliyekalia kiti cha hakimu alikuwa Patrick huyohuyo, na Septemba Paxton akaachiwa. Kikao cha kawaida cha Bunge lenyewe ni siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, na mbunge analipwa dola 600 kwa mwezi. Shemeji hakuamini mpaka nikamwonyesha. Wabunge wa Nairobi wasisikie.

Kiti ambacho mwaka huu nakifuatilia kuliko cha gavana ni cha mdhibiti wa hesabu. Zamani ilikuwa kazi ya kukusanya kodi na kuliambia Bunge kuna pesa kiasi gani, watu hawakujua hata jina lake. Sasa ofisi hiyo imekabidhiwa dola bilioni 1 za mpango mpya wa kuwalipia watoto shule binafsi, unaoanza mwaka wa masomo ujao. Mwezi Desemba Kelly Hancock, anayekaimu nafasi hiyo tangu Glenn Hegar aondoke, alimwandikia Paxton kutaka maoni ya kisheria kama anaweza kuzifungia nje baadhi ya shule, zikiwemo zile zinazodaiwa kuwa na uhusiano na shirika la Waislamu la CAIR. Binti yangu anasoma shule ya Kiislamu. Mimi sijawahi kuupenda mpango huo, naona utainyonya shule ya serikali iliyopo nyuma ya nyumba yangu, lakini kama mlango umefunguliwa kwa wenye shule za kanisa, nataka nijue ni nani atasimama mlangoni na kuangalia kilemba changu. Hancock anagombea. Kwenye mchujo wa chama chake yupo na Don Huffines na Christi Craddick. Kwa Democratic ni Sarah Eckhardt, seneta wa jimbo kutoka Austin, na wengine.

Craddick huyo anatoka Tume ya Reli, ambayo haishughuliki na reli. Ilianzishwa 1891 kwa ajili ya treni, leo kazi yake ni mafuta na gesi. Februari 2021 baridi ilipogandisha visima vya gesi na umeme ukakatika siku nzima nzima, zaidi ya watu 200 walikufa Texas, na mengi ya maswali yaliyoulizwa baadaye yaliihusu tume hiyo. Jim Wright anatetea kiti chake mwaka huu. Kamishna wa kilimo nitamruka, ingawa chakula cha mchana cha watoto shuleni kinapitia ofisini kwake, na wa ardhi pia.

Sasa mambo ya kufanya, maana wengine mtasoma hapa tu.

Mchujo ni tarehe 3 Machi. Watanzania, ndizo kura za maoni, ila hakuna kadi ya chama: unafika kituoni unachagua utapewa karatasi ya chama gani. Mwisho wa kujiandikisha ni 2 Februari. Texas haina kujiandikisha kwenye intaneti, ni fomu ya karatasi na sahihi ya wino. Mimi nina cheti cha kaunti cha kuandikisha watu na fomu ninatembea nazo kwenye gari, nipigieni. Kwa uchaguzi wa Novemba mwisho ni 5 Oktoba.

Mwenye green card asiiguse fomu. Nalisema hili kila mwaka na kila mwaka naulizwa tena. Hata ukipewa na mtu mwenye tabasamu dukani, hata ukiambiwa unaruhusiwa kwa sababu unalipa kodi. Kosa hilo linaweza kukurudisha kwenye ndege. Na wewe uliyekula kiapo cha uraia, ukipata barua ya kaunti ikikutaka uthibitishe kuwa ni raia, usiitupe ukidhani ni matapeli. Oktoba iliyopita ofisi ya jimbo ilitangaza majina 2,724 yanayoshukiwa si ya raia, kaunti zikaanza kuandika barua, na wengine kati ya walioandikiwa ni raia halali ambao vyeti vyao vilikuwa vimeshaonekana walipochukua leseni. Una siku 30. Peleka nakala ya pasipoti au cheti cha uraia.

Kura za mapema ni 17 hadi 27 Februari. Waislamu wenzangu, hesabuni wenyewe: Ramadhani inaingia humohumo, na siku yenyewe ya 3 Machi tutakuwa tumefunga. Nendeni asubuhi, msingoje saa kumi na moja jioni mkapange foleni na kiu na harufu ya sambusa kichwani. Simu hairuhusiwi ndani ya futi 100 za mashine, kwa hiyo ile orodha yenu ya kwenye WhatsApp haitawasaidia. Iandikeni kwenye karatasi, karatasi inaruhusiwa. Skrini za Harris zina Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Kiswahili hakimo, lakini sheria inakuruhusu kuingia na mtu wa kukusomea, mradi asiwe mwajiri wako wala wakala wake, wala kiongozi au wakala wa chama chako cha wafanyakazi. Anaapa kwanza. Nimeapa mara nyingi na sijawahi kumwambia mtu abonyeze nani, ingawa kuna siku ulimi ulinichemka.

Walioko wilaya ya 18 ya Kongresi poleni. Mbunge wenu Sylvester Turner alifariki Machi mwaka jana, na marudio ya kumpata mrithi, kati ya Christian Menefee na Amanda Edwards, ni 31 Januari kwa mipaka ya zamani. Kisha tarehe 3 Machi mnapiga tena kwa mipaka mipya iliyochorwa mwaka jana, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu itumike, na kwenye karatasi hiyo yumo na Al Green, ambaye wilaya yake ya 9 imekatwakatwa. Kwa hiyo kuna mtu atampigia Menefee au Edwards Januari, halafu Machi akute hawako kwenye karatasi yake. Na kuna mtu mtaa wa pili ambaye itakuwa kinyume. Angalieni anwani yenu kwenye tovuti ya kaunti kabla hamjatoka nyumbani.

Imebaki ligi yangu na shemeji. Yeye anasema tuchukue karatasi ya Republican. Hoja yake siyo mbaya: hakuna Mdemocratic aliyeshinda kiti cha jimbo zima tangu 1994, kwa hiyo anayeshinda mchujo wa Republican kwenye uanasheria mkuu, awe Chip Roy, Mayes Middleton, Joan Huffman au Aaron Reitz, ana nafasi kubwa ya kuwa ndiye mwenyewe. "Mbona unasubiri Novemba wakati mechi inachezwa Machi?" Nami namwambia maneno yaleyale yanafanya kazi Harris kwa upande wa pili. Kwenye mahakama za kaunti hii Democratic ndio wamekuwa wakishinda mara nyingi miaka ya karibuni, kwa hiyo nikitaka kuwa na sauti kwenye mahakimu na mkuu wa kaunti, pa kusemea ni kwenye mchujo wao. Ukishachukua karatasi ya chama kimoja Machi, kwenye marudio ya mchujo ya 26 Mei huwezi kuruka kwenda kingine. Novemba uko huru kama ulivyozaliwa.

Hatujakubaliana, na mke wake amekataza mjadala huo mezani. Yeye atachukua ya Republican, mimi ya Democratic, na tutakwenda kwa gari langu kwa sababu lake liko gereji.